Mkono wa Adamu Nyuma ya Pazia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama uko barabarani, endesha taratibu. Saa hii ni ya marehemu, na marehemu wa leo hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Namzungumzia mchora mabango. Mchora mabango, narudia, wala si msanii wa kuandikwa magazetini. Tulimwita Kitambaa, kwa sababu begani hakukosa kitambaa cha kufutia brashi. Alikuwa nacho kazini, alikuwa nacho misibani, na mkewe ananiambia hata siku ya harusi yao alikikuta mfukoni mwa suti. Kitambaa alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, kwa maradhi ya mapafu. Alikuwa na miaka sabini na moja. Tulimzika Ijumaa.

Mnasema hamkumjua. Mlimjua. Kile kibanda cha kinyozi chenye vichwa vitatu ukutani, kila kichwa na mtindo wake, ni kazi yake. Lile gari la mkate lenye mkate unaotoa moshi, ni kazi yake. Na ule ukuta wa nyuma ya stendi ulioandikwa "Usikojoe hapa", kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu, ni wake pia. Herufi zile zilipendeza mno. Watu walikuwa wanasimama kuzisoma, na wakishasimama, mnajua wenyewe. Mwenye ukuta akaenda kulalamika. Kitambaa akamwambia, "Mimi niliahidi kuandika. Kulinda sikuahidi."

Elimu yake iliishia darasa la tano. Yangu iliishia la sita, kwa hiyo sina la kumcheka. Kazi alifundishwa na mchoraji mmoja mzee ambaye alikuwa na sheria moja. Usichore mkono ambao hujaushika. Yule mzee alisema, "Uso ukikosea, watu watadhani ni mtu mwingine. Mkono ukikosea, watadhani ni uma."

Basi Kitambaa, kwa miaka zaidi ya hamsini, kabla ya kuchora mkono aliomba mkono. Fundi cherehani akitaka bango lenye mkono unaoshika sindano, Kitambaa alimwambia, "Lete mkono." Akaushika, akaugeuza, akaukandakanda kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika, kisha akaurudisha kwa mwenyewe. Binti yake wa kwanza, ambaye sasa ni mwalimu, aliniambia hivi: "Baba hakuwa anasalimia kama watu. Alikuwa anapima. Mchumba wangu alipokuja nyumbani mara ya kwanza, baba alimshika mkono dakika nzima. Mwenzangu akadhani anachunguzwa kama ana kazi."

Shikeni jambo hilo, wasikilizaji. Hakuchora mkono ambao hakuwahi kuushika.

Sasa nirudi nyuma, zaidi ya miaka hamsini. Hadithi ninayoileta hapa nimeruhusiwa kuitoa. Aliyeniruhusu ni mdogo wake marehemu, fundi seremala, ambaye pia ni mwenyekiti wa halmashauri ya parokia yao. Nilimuuliza mara mbili kama niseme. Mara zote mbili alijibu neno moja: "Sema."

Baba yao alikuwa mchimba mchanga. Alikufa shimoni, ukuta wa mchanga ulipomwangukia. Mama yao akabaki na vijana wawili, akawakalisha chini, akawaambia, "Kanyageni popote duniani. Lile shimo, hapana." Wakaapa wote wawili.

Mdogo mtu alipofikisha miaka kumi na sita, alikwenda shimoni. Sababu ni zile za umri ule. Wenzake walikuwa wanakwenda, na yeye hakutaka kuonekana wa kufungiwa na mama. Kaka yake, huyu Kitambaa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Akasikia, akatoka mbio kumfuata. Alipofika ukingoni akaanza kumfokea, mdogo naye anajibu kwa kiburi kutoka chini, na wakiwa katika hayo, ukuta ukashuka.

Kilichobaki juu ni mkono mmoja. Mkono wa kulia, mpaka hapa saa inapokaa.

Kitambaa alirukia chini. Alichimba kwa vidole huku wenzao wakichimba kwa makoleo, na akaushika ule mkono, akauvuta. Hakuushika kiganjani. Aliushika kwenye kifundo. Seremala aliniambia, akiwa amekaa kwenye benchi lake la kazi, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi: "Mimi vidole vyangu havikushika kitu. Havikuwa na nguvu. Watu husema tulishikana mikono. Hatukushikana. Alinishika."

Alitoka akiwa hai, amemeza mchanga, analia. Na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kaka, usimwambie mama. Usimwambie mtu yeyote, mpaka kufa." Kitambaa akaahidi. Nyumbani wakasema ameanguka na baiskeli. Baiskeli yenyewe hawakuwa nayo. Ikabidi waseme ya kuazima.

Sitapamba mambo. Uongo mdogo wa vijana wawili ungeweza kuishia pale. Haukuishia pale. Mdogo mtu alikua, akawa fundi seremala mzuri, akawa katekista, akawa mwenyekiti. Na kila alipofundisha vijana amri ya kuwaheshimu baba na mama, alijitolea mfano mwenyewe. "Mimi," alikuwa akisema, "neno la mama yangu sikulivunja hata mara moja." Siku walipomzika mama yao, aliyasema maneno hayo juu ya kaburi, watu wote wakisikia. Kitambaa alikuwa amesimama pembeni na koleo mkononi. Hakuinua kichwa.

Haya. Sasa tuje kanisani.

Miaka kumi iliyopita alikuja paroko mpya. Padri mwembamba, mpenda vitabu. Aliutazama ule ukuta mweupe nyuma ya altare, akasema unahitaji picha ya ufufuko. Wakamwambia tunaye mchora mabango. Padri akamwita ofisini, akamfungulia kitabu kikubwa chenye picha za ufufuko zilizochorwa na Wakristo wa nchi na karne mbalimbali.

Mimi nilikiona kitabu kile, kwa sababu Kitambaa alipewa akae nacho, na mkewe alinionyesha. Padri alimweleza jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria. Hakuna aliyemwona Yesu akifufuka. Injili hazisemi aliinukaje. Wanawake walifika asubuhi, wakakuta kaburi wazi, basi. Ndiyo maana kwa karne nyingi za mwanzo wachoraji waliogopa kuchora tukio lenyewe. Walichora wanawake, malaika na kaburi tupu.

Kitambaa akasema, "Nzuri, Padri. Lakini watu wa mabenchi ya nyuma wataona shimo tu."

Wakafunua kurasa. Wakamkuta Yesu ameweka mguu mmoja nje ya kaburi, mkononi ana bendera, na askari wamelala chini. Kitambaa akauliza, "Huyu anatoka kaburini au anatoka kuoga? Na bendera kaikuta humo humo?" Padri akacheka, akamwambia bendera ni alama ya ushindi. Wakafunua tena. Yesu anaelea hewani katikati ya mwanga. "Huyu kamba zake wamezifichia wapi?"

Kisha wakafika kwenye picha ya Wakristo wa mashariki. Ile haikuwa na kaburi bustanini. Ilikuwa chini kabisa, kwa wafu. Yesu amevunja malango ya kule, amesimama juu yake, na anawavuta watu wawili, mwanamume mzee na mwanamke. Padri akasema hao ni Adamu na Eva. Akasema kwa wale ndugu zetu, hiyo ndiyo picha ya ufufuko. Yesu hatoki peke yake. Anatoka na watu.

Kitambaa akaweka kidole kwenye picha. "Mbona anawashika hapa?" Alikuwa anaonyesha kifundo cha mkono.

"Wataalamu wanasema ni kuonyesha kwamba Adamu hakujitoa mwenyewe," Padri akajibu.

Padri anakumbuka kwamba yule mzee hakuondoa kidole pale, mpaka akadhani amemuudhi. Halafu Kitambaa akasema, "Wale wengine wote wamesimama wapigwe picha. Huyu yuko kazini. Nitachora huyu."

Alichora miezi minne. Mdogo wake ndiye aliyemtengenezea jukwaa la mbao la kupandia. Mkono wa Yesu aliutoa kwenye mkono wake mwenyewe. Mkono wa Eva ni wa mkewe. Mama huyo aliniambia, "Alinishika hapa, akaniambia tulia, mpaka chai ikachemkia nje. Nikamwambia, mzee, miaka arobaini ya ndoa hujaujua tu mkono wangu? Akasema, naujua ukiwa na kazi, siujui ukiwa umetulia."

Mkono wa Adamu aliuchora siku ya mwisho. Hakuomba mkono wa mtu. Binti yake akamuuliza, "Baba, mkono wa Adamu unaazima wapi?" Akamjibu, "Huo ninao."

Picha ikafunuliwa Jumapili, watu wakatazama. Ilikuwa kubwa, ya rangi za kukolea kama bango, kwa sababu Kitambaa hakujua rangi za kunong'ona. Yesu amepinda mgongo kwa uzito. Adamu mdomo wazi, macho nusu, vidole vimelegea. Kisha mtu mmoja kwenye mabenchi ya wanaume akasema, kwa sauti iliyofika mbele, "Mbona kama anakamatwa?"

Watu wakacheka. Na neno likishatoka hivyo halirudi. Wiki nzima ikawa ndiyo habari. Yesu amemkamata Adamu. Adamu kaiba nini. Mpaka jambo likafika halmashauri.

Halmashauri ilikuwa na watu kumi na mmoja, kwenye chumba cha viti vya plastiki nyuma ya kanisa. Kitambaa aliitwa akakaa karibu na mlango. Msidhani waliopinga walikuwa wajinga. Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja muuza vitunguu sokoni, tunamwita Mama Vitunguu. Mwanawe alichukuliwa na polisi mbele ya meza yake ya biashara, ameshikwa kifundo cha mkono hivyo hivyo. "Waliniambia ni dakika mbili, anaulizwa maswali tu," alisema. "Huu mwaka wa tatu. Mimi sisemi picha ni mbaya. Nasema siwezi kwenda kupokea Komunyo huku namwangalia mwanangu anavyochukuliwa."

Kiongozi wa kwaya akaona atafute njia ya amani. "Fundi, si ushushe mkono kidogo tu? Washikane viganja, kama watu wanaosalimiana. Kazi ya asubuhi moja, yaishe."

Kitambaa akasema, "Mfu hasalimiani mkono."

"Wewe umejuaje? Umewahi kumwona mfu akivutwa?"

Hapo, wasikilizaji, Kitambaa angeweza kujibu. Jibu lilikuwa ndani ya chumba kile kile, limekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Watu watatu tofauti wameniambia kwamba alimtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama karatasi. Kitambaa akasema, "Siwezi kueleza," akafunga mdomo.

Nilimuuliza seremala kwa nini hakusema. Hakunizungusha. "Nilipouona ule mkono ukutani niliujua. Ni wangu. Hata kidole cha mwisho kilivyopinda. Nikadhani kaka amenitangaza. Miaka yote amekaa kimya, sasa ameniweka mbele ya altare. Niliona hasira, si aibu. Aibu ilikuja baadaye."

Lakini Kitambaa hakumtangaza mtu. Nimekwisha kuwaambia alivyokuwa anafanya kazi. Maisha yake yote alikuwa amemvuta mtu mmoja tu kutoka ardhini. Asingeweza kuchora mkono mwingine.

Wakapiga kura. Saba walitaka picha ibadilishwe, wanne walitaka ibaki. Mwenyekiti aliinua mkono akiwa mmoja wa wale saba. Aliinua wa kulia. Ndiyo, ule ule.

Kitambaa alikataa kuubadilisha mkono wa Adamu. Hakugomba. Alisema tu, "Kama haufai, ufunikeni." Basi wakaufunika. Kwaya ikashona pazia la rangi ya kahawa, na mwenyekiti, kwa kuwa ni seremala, akachonga fimbo ya kulining'inizia. Pazia likakaa miaka tisa. Miaka tisa, narudia. Yule padri akahamishwa, akaja mwingine, watoto wakabatizwa, vijana wakaoana mbele ya pazia. Na kila Jumapili Kitambaa alikaa benchi la tatu kutoka mbele, anatazama kitambaa kikubwa kuliko chake. Vijana wa stendi walimtania: "Mzee, tunasikia picha yako imevaa gauni." Akawajibu, "Baridi hiyo. Ikipungua italivua."

Mkewe alikasirika kuliko yeye. "Nilimwambia waeleze, kama una sababu waeleze, una mdomo. Akaniambia, si yangu kueleza. Nikamuuliza ni ya nani. Akaenda kuosha brashi. Brashi zilikuwa safi."

Tuje mwaka huu. Kitambaa alikuwa ameshaanza kuumwa, kifua hakimruhusu kupanda ngazi. Halmashauri ikakaa, ikaamua ukuta wa altare uwekewe vigae. Vigae vyeupe, vya kung'aa, rahisi kufutwa. Picha ingekwisha kabisa. Mwenyekiti akaona ni vizuri amwambie kaka yake kabla hajasikia njiani. Akaenda nyumbani kwake siku ya Alhamisi mchana.

Alimkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni. Mazungumzo yao nimeyapata kwa seremala mwenyewe, na mke wa marehemu alikuwepo.

"Kaka, tunataka kuweka vigae pale mbele."

"Sawa."

"Pale kwenye picha."

"Nimesikia. Mtapaka rangi juu, au mtabandua lipu?"

"Tulifikiria kupaka kwanza, halafu vigae juu."

Kitambaa akatikisa kichwa. "Msipake. Rangi yangu ina mafuta, gundi haitashika. Vigae vitaanguka baada ya mvua mbili, na vitamwangukia padri. Bandueni lipu yote mpaka kwenye tofali. Anzieni juu. Na mfunike altare, vumbi litakuwa jingi." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa imemwishia. "Ukitaka, niletee karatasi nikuandikie hatua zake."

Seremala aliniambia, "Hapo nilishindwa. Alikuwa ananifundisha jinsi ya kuivunja kazi yake ili isituharibikie. Kama angenitukana ningerudi nyumbani nikalala."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kuwaita wajumbe. Walikutana kesho yake jioni, chumba kile kile, viti vile vile. Hakukalia kiti cha mwenyekiti. Alisimama pale karibu na mlango, akawaambia yote. Shimo, kiapo kwa mama, baiskeli ya uongo, maneno aliyoyasema kaburini. Akaeleza alivyoshikwa. Akawaambia, "Mliuliza kama fundi amewahi kumwona mfu akivutwa. Mfu mwenyewe alikuwa anaongoza kikao."

Kiongozi wa kwaya, mtu wa maneno mengi, alikaa akivutavuta uzi wa mkono wa shati lake. Kisha akasema kwamba vigae havina haraka.

Lakini hawakuvua pazia siku ile. Wakakubaliana kwamba Mama Vitunguu aulizwe kwanza, kwa sababu maumivu yake hayakuwa ya uongo, na hadithi ya seremala haikumrudishia mtoto. Seremala akaenda sokoni mwenyewe. Jumamosi mchana mama yule akaja kanisani na kanga yake ya biashara kiunoni, mwenyekiti akamvulia pazia, wakiwa wawili tu.

Akatazama muda mrefu. Miaka tisa nyuma alikuwa ameona mkono tu, moyo ukakatika, hakuangalia kwingine. Sasa macho yake yakashuka chini, kwenye miguu ya Yesu, juu ya yale malango yaliyoanguka. Pale chini Kitambaa alikuwa amejaza makufuli. Makufuli ya kila aina, la duka, la sanduku, la geti, la baiskeli, na bawaba, na komeo, na funguo zimetawanyika.

"Haya ni ya nini?" akauliza.

"Ndiyo waliyofungiwa wafu. Yamevunjwa."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akasogea, akayahesabu kwa kidole. Yalikuwa kumi na saba, na hakukuta zima hata moja. Kisha akasema, "Ule mkono bado siupendi, mwenyekiti, nisikudanganye. Lakini mimi nitakaa upande huu wa makufuli." Na huko ndiko anakokaa mpaka leo. Mwanawe bado yuko ndani.

Jioni ile seremala alirudi kwa kaka yake. Akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kaka, nimewaambia."

"Umewaambia yote?"

"Yote."

"Na kwamba ulilia mpaka kamasi zikashika mchanga?"

"Hilo sikusema."

"Basi siri bado ipo," Kitambaa akasema, akasogeza miguu ili mdogo wake apate pa kukaa.

Jumapili, pazia likiwa limeshaondolewa, wakampeleka kwa gari. Alikaa benchi lake la tatu, mkewe huku, mdogo wake huku. Alitazama picha yake Misa nzima kama mkaguzi. Watu walitegemea machozi. Mwisho wa Misa kiongozi wa kwaya akamfuata, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Fundi, tusamehe." Kitambaa akajibu, "Kidole gumba cha Eva nilikikosea. Kiko juu mno. Nikipata nafuu nitapanda." Kisha akaugeuza mkono wa yule bwana, akauangalia, akaongeza, "Na wewe una mikono mizuri. Ningeijua mapema ningekutumia."

Hakupata nafuu. Aliiona picha yake Jumapili mbili. Miaka tisa pazia, Jumapili mbili picha. Uwiano huo si mzuri, wasikilizaji, na seremala hakutaka niulainishe. Kidole gumba cha Eva kiko vile vile, juu kidogo. Halmashauri imeamua kisiguswe na mtu.

Kwa mke wa marehemu, mama yetu, ambaye mkono wake utaendelea kuvutwa kutoka kwa wafu hata siku za kazi: pole sana. Kwa binti wa kwanza na wadogo zake, kwa wakwe na wajukuu, poleni. Kwa mdogo wa marehemu, fundi seremala: pole, mzee wangu. Uliniambia umeomba uvuliwe uenyekiti na wamekukatalia. Wamefanya vizuri. Vijana uwafundishe sasa, maana sasa una la kuwafundisha. Kwa wachora mabango wote mnaonisikiliza mkiwa juu ya ngazi, poleni kwa kuondokewa na mwenzenu, na shikeni ngazi vizuri.

Nami niseme moja kwa sisi tuliobaki. Katika watu mnaonisikia, sidhani yupo aliyejitoa shimoni mwenyewe. Kila mmoja alishikwa na mtu. Wengine na mama, wengine na jirani, wengine na mtu waliyegombana naye baadaye na sasa hawasemeshani. Na wengi wetu tumezoea kusimulia kwamba tulipanda wenyewe. Kama aliyekuvuta yuko hai, usingoje awe na mito mitatu mgongoni.

Kwa kawaida hapa huwa tunaweka wimbo. Leo nimemwomba fundi mitambo asiweke. Nawaachia dakika moja tupu hewani. Redio yako haijaharibika, usiipige makofi. Tumia dakika hiyo kulitafuta jina la aliyekuvuta kwenye simu yako, na likishaonekana, bonyeza.